Mtu wa Anga wa Ngokolo

Mwaka 2011, nchi nzima ikiwa kwenye mgao wa umeme, mimi nilikuwa nimejifungia chumba cha uani kwa bibi yangu, Ngokolo, Shinyanga mjini, nashona nguo inayowaka taa. Usicheke kwanza. Nilikuwa na sindano ya mkono, ovaroli moja kuukuu, tochi sita za Kichina nilizozifumua, na ujinga mwingi ambao wakati ule niliuita kipaji.

Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa na watu wanane, na kijiwe chetu kilikuwa barazani kwa fundi redio. Tulikuwa tumetunga mchezo: mtu wa anga anaanguka na chombo chake katika shamba la pamba, mwezi wa saba, wanakijiji wakiwa kwenye mashindano ya ngoma. Nusu ya pili niliiandika mimi. Na kwa kuwa niliandika "anaingia mtu wa anga, mwili mzima unang'aa", wenzangu wakaamua kwamba aliyeandika ndiye atakayeng'arisha. Tangu siku ile nayaogopa sana maelekezo ya jukwaani.

Wazo lenyewe tulilipata bandani, kwenye video. Ilikuwa picha ya Tron: Legacy, iliyotoka Marekani Desemba 2010 na kutufikia sisi kwa njia zake mwenyewe, imeshaingizwa sauti ya jamaa wa kutafsiri. Watu wa kwenye picha ile wamevaa nguo nyeusi zenye mistari ya mwanga. Wema mistari yao myeupe na ya buluu, waovu ya rangi ya moto. Jamaa wa kutafsiri alisema neno moja tu juu ya mavazi yale: "Hawa wamevaa umeme." Banda zima likapiga mluzi. Mimi nikatoka pale nikiwa nimekwisha.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba picha ya kwanza ya Tron, ile ya mwaka 1982, wachezaji wake hawakuwaka hata kidogo. Walivaa nguo nyeupe zenye mistari myeusi, wakapigwa picha bila rangi, kisha mafundi wakaingiza ule mwanga baadaye, picha moja baada ya nyingine. Nguo zenyewe ziliwaka kweli katika hii ya 2010. Ningelijua hilo mapema ningejipa moyo, maana hata wenye mamilioni ya dola walihitaji miaka ishirini na ushee kufika pale nilipotaka kufika mimi kwa wiki tatu.

Nimeombwa na wahariri niandike kisa hiki, na nilipokaa kuandika nikajikuta nauliza swali la kihistoria zaidi kuliko la ushonaji. Nani alianza kuvaa mwanga? Vitabu vinamtaja Alice Vanderbilt, mke wa tajiri wa New York, ambaye Machi 1883 alikwenda kwenye dansi kubwa akiwa amejigeuza "Mwanga wa Umeme": gauni la mshonaji Charles Worth wa Paris, mkononi taa, na betri imefichwa ndani ya gauni. Hiyo ilikuwa miezi sita tu tangu Edison afungue kituo chake cha umeme cha mtaa wa Pearl, mjini humo humo. Umeme ulikuwa haujafika kwa majirani, tayari mtu ameshauvaa. Halafu yuko Atsuko Tanaka wa Japani, mwaka 1956, aliyejifunika balbu na mirija ya taa zilizopakwa rangi, zinawaka na kuzimika mwilini mwake, huku akijua fika kwamba waya mmoja ukikosea anaweza kupigwa shoti. Yule ndiye ningependa kumwamkia. Vanderbilt alikuwa na fundi. Tanaka alikuwa na uthubutu.

Karibu na kwetu mambo haya yamekuja juzijuzi. Mkenya Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya wakati ujao ambapo maji yamekwisha juu ya ardhi. Kinshasa kuna Kongo Astronauts, kikundi kilichoanza mwaka 2013, ambamo Michel Ekeba hutembea mitaani na vazi la mwanaanga lililoshonwa kwa mabaki ya vyombo vya umeme. Na mwaka 2021 ikatoka Neptune Frost, iliyopigwa Rwanda, mavazi yake yakiwa kazi ya Cedric Mizero: nyaya, vibao vya kompyuta, mabaki ya vifaa ambavyo madini yake yanachimbwa na hao hao wanaoigiza kuvivaa. Filamu ile inahusu wachimbaji wa koltani. Nilipoiona nilinyamaza muda mrefu, maana nilikuwa nimefikia jambo hilo hilo miaka kumi nyuma bila kukusudia, kwa sababu ya mjomba wangu.

Lakini ngoja nianze na ngoma kabla ya mjomba.

Msukuma hahitaji kufundishwa na sinema kwamba vazi ni silaha. Vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinahesabu asili yake kwa Ngika na Gumha, mahasimu wawili wa karne ya 19. Hadi leo mashindano yao yana sheria moja ambayo mimi naiona ya kikatili kuliko waamuzi wote: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna karatasi ya alama. Watu wanahama kwa miguu yao. Mtu akikuchoka anageuka, anakuonyesha mgongo, anakwenda kwa mwenzako, na wewe unamwona. Ndiyo maana kila mavuno kundi linatafuta jipya: wengine nyoka mkononi, wengine sanamu za mbao zinazochezeshwa, wengine sare za kijeshi, dawa za mvuto, chochote. Ngoma za beni zilizosambaa kutoka pwani wakati wa Wajerumani na Vita ya Kwanza zilifanya vivyo hivyo kwa kofia na vyeo vya jeshi. Cha mwaka jana kimeshaonekana.

Na mwanga ulikuwemo tangu zamani. Watemi walivaa kibangwa, kisahani cheupe cha gamba la konokono wa bahari, kilichosafiri kutoka Bahari ya Hindi mpaka huku bara. Ukiwaza ngozi nyeusi, jua la Shinyanga la saa saba, na kile kisahani kinamulika, utaelewa kwa nini mtu wa kawaida hakuruhusiwa kukivaa. Sisi tuliokulia mjini tunakwenda makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, tunaviona vitu hivi na kuviita vya kale. Mimi naviita ushindani.

Basi, ile nguo.

Tatizo la mwanzo lilikuwa mawe. Huku kwetu betri tunaziita mawe: mawe ya redio, mawe ya tochi. Nilichukua mawe manne, nikayapanga mfululizo, nikapata volti sita. Nikachukua taa zangu ndogo za LED, zile punje za plastiki zinazokaa kwenye tochi za Kichina, nikaziunganisha moja kwa moja. Ziliwaka vizuri sana, kwa urefu wa muda ambao mtu anaweza kusema "jamani oneni". Kisha zikanuka, zikafa. Nikaunganisha nyingine, zikafa. Tochi mbili nzima zilikwenda hivyo, na tochi moja ilikuwa shilingi elfu mbili, hela ambayo sikuwa nayo.

Fundi redio alinitazama siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu akaniita. "Wewe dogo, taa nyeupe hizi zinataka volti tatu. Unazipa sita. Ukimpa mtoto sahani mbili za ugali kwa lazima anapasuka." Akanichorea kwenye kipande cha boksi la sigara. Volti sita toa tatu, zimebaki tatu za kutafutia kazi. Taa moja inakula kama sehemu ishirini za elfu ya ampea. Tatu gawanya kwa hiyo, unapata mia na hamsini. Kwa hiyo weka rezista ya omu 150 njiani, itameza kilichozidi. Rezista zenyewe akanionyesha mahali pa kuzipata bure: kwenye redio zilizokufa, nyuma ya duka lake, kichuguu kizima. Nilijifunza kusoma ile michirizi ya rangi iliyoko mwilini mwa rezista, kahawia, kijani, kahawia, kama mtu anayejifunza herufi. Hesabu ile niliifeli kidato cha tatu. Kwenye boksi la sigara niliielewa kwa dakika kumi, na sijui nimlaumu nani.

Kulehemu ndiko kulikonitesa. Nilitumia msumari mnene niliouingiza kwenye jiko la mkaa, kwa kuwa umeme wa kuwashia chuma cha kulehemu ulikuja usiku wa manane na kukatika alfajiri. Nina alama tatu kwenye kidole gumba cha kushoto mpaka leo. Nyaya zilikatika kila nilipokunja kiwiko. Nikagundua kwamba waya mgumu wa uzi mmoja haufai kwenye nguo, unataka ule laini wa nyuzi nyingi, na unataka kulegezwa kwenye viungo kama mkunjo wa suruali. Na punje ya LED peke yake haipendezi. Inachoma jicho mbele yake na kuacha giza pembeni. Nilijaribu pamba, nikajaribu karatasi ya nailoni, mwishowe nikapasua mirija ya plastiki nyeupe, nikaweka taa kila baada ya kiganja kimoja, nikashona mirija juu ya mishono ya ovaroli. Hapo ndipo mstari ukatokea. Hafifu, wenye mabaka, lakini mstari.

Hapa kuna jambo la historia linalonifurahisha. LED nyekundu ilikuwepo tangu mwaka 1962, kazi ya Mmarekani Nick Holonyak. Nyeupe haikuwezekana mpaka ipatikane ya buluu, maana nyeupe tunayoiona kwenye tochi ni ya buluu iliyopakwa unga wa manjano. Ya buluu yenye nguvu ilikuja mwaka 1993, Japani, mikononi mwa Shuji Nakamura. Yeye na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2014. Kwa hiyo mwaka ule nilipokuwa naunguza vidole Ngokolo, mwanga mweupe wa tochi ulikuwa bado haujatimiza miaka ishirini duniani, na tayari ulikuwa unauzwa kwenye mkokoteni stendi ya Shinyanga pamoja na njugu. Nyekundu inawaka kwa volti mbili tu. Nyeupe inataka tatu. Likumbuke hilo, litarudi.

Mjomba alikuja katikati ya wiki ya pili. Alikuwa mchimbaji mdogo Rwamagasa, huko Geita, na kila alipopita kwenda kijijini alilala kwa bibi usiku mmoja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu." Akaona ovaroli ukutani, nyaya zinaning'inia, betri kwenye mkanda wa kiuno. Akazunguka. "Hii nguo ya duarani hii. Wewe unakwenda kuchimba wapi?"

Nikamweleza habari za mtu wa anga. Alisikiliza kwa adabu. Halafu akatoa kwenye mfuko wake wa rambo tochi yake mwenyewe, imefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akaivaa kichwani, upande wa sikio, akazima kandili ya bibi. Chumba kikawa giza na duara moja la mwanga ukutani, na kila alipogeuka dunia ilikuwa pale anapotazama, kwingine kote hakuna kitu. Nilikuwa nimetumia siku kumi kutengeneza kitu ambacho mjomba alikivaa kila siku kwenda kazini.

Duniani kote ndivyo ilivyokuwa. Wachimbaji ndio watu wa kwanza waliovaa mwanga kwa lazima, si kwa dansi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walitumia taa za kabidi: mawe ya kijivu ndani ya kikopo, maji yanadondoka juu yake, gesi inatoka, inawaka kwenye paji la uso. Mwaka 1914 mainjinia wawili wa Marekani, John Ryan na George Deike, walimwendea Edison awatengenezee taa ya umeme ya kofia, kwa sababu moto wa wazi ulikuwa unalipua migodi ya makaa. Taa kichwani, waya mgongoni, betri kiunoni. Mtu wa anga kamili, na sinema za anga zilikuwa bado hazijasema neno.

Ukanda wetu huu umejengwa na watu wa namna hiyo. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, ukalala, ukafunguliwa upya kwa mashimo makubwa ya wazi mwaka 2000. Mwadui, kaskazini mwa mji wetu, John Williamson wa Kanada aligundua almasi mwaka 1940, na waridi moja ya pale ikaishia kifuani kwa malkia wa Uingereza. Vitabu vinahesabu karati. Ni vigumu kukuta kitabu kinachohesabu mawe ya tochi.

Mjomba aliyahesabu. Alinipa masomo yake usiku ule, na niliyaandika nyuma ya daftari la mchezo. Duarani hamuwashi wote: mmoja anawasha, wawili wanapumzisha, mnafuata mgongo wa aliye mbele. Mawe ya akiba yanafungwa kwenye nailoni yasipate unyevu. Mawe yaliyochoka yanaanikwa juani, yanarudisha nguvu kidogo, lakini usishuke nayo. Usimmulike mwenzako machoni, ni tusi. "Na hii yako," akasema akishika mirija yangu, "inamulika wewe. Taa ya kweli inamulika mbele." Nilikasirika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Miaka minne baadaye, Oktoba 2015, duara liliporomoka Nyangalata, wilaya ya Kahama, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 ardhini. Mwenzao wa sita hakutoka. Nchi nzima iliongelea wadudu na mizizi waliyokula. Mimi nilikuwa nahesabu mawe.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mtu wangu wa anga alikuwa na kinyago cha boksi, na kwenye kinyago niliweka macho mekundu. Taa mbili za LED nyekundu kila upande, kutoka kwenye taa ya nyuma ya baiskeli. Niliona yanatisha, na mimi nilitaka yatishe. Usiku mmoja, umeme umekatika mtaa mzima, nikavaa kila kitu na kutoka kwenda kumwonyesha fundi. Taa ishirini na nne nyeupe, nne nyekundu, mawe manne ya bei rahisi. Nilitembea hatua mia moja hivi kwa fahari kubwa. Kisha mawe yakaanza kuchoka. Taa nyeupe zinataka volti tatu: zikafifia, zikafa, mstari baada ya mstari. Nyekundu zinataka mbili. Zikabaki.

Mimi nilikuwa ndani ya boksi, sikujua. Aliyekuwa nje aliona macho manne mekundu yanakuja gizani, bila mwili.

Mama mmoja alipiga yowe. Filimbi ikalia. Sungusungu, ndugu msomaji, ni jeshi la ulinzi la wananchi lililoanzia huku huku kwetu, Kahama na Shinyanga, mwaka 1982 hivi, dhidi ya wezi wa ng'ombe. Filimbi yao mtu wa huku anaifahamu kabla hajaifahamu kengele ya shule. Nilivua kinyago haraka, nikapiga kelele jina langu na jina la bibi yangu, nikapiga magoti bila kuambiwa. Walionizunguka walikuwa watano, na rungu. Mmoja alinifahamu. Walinipiga makofi mawili ya kunifundisha, wakanisindikiza mpaka mlangoni, wakimwambia bibi amchunge mjukuu wake. Walikuwa na haki. Wangeweza kufanya zaidi.

Bibi hakunigombeza. Aliwasha kandili, akachukua kinyago, akayatazama yale macho yaliyokuwa bado yanawaka kidogo. Akasema, "Umemtengeneza nani?"

"Mtu wa anga, bibi."

"Hapana. Umenitengeneza mimi."

Akaisogeza kandili usoni pake. Macho ya bibi yangu yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimeyaona tangu nizaliwe, kwa hiyo sikuwahi kuyaona.

Kila Msukuma anajua habari hii na wengi wetu tunaikwepa. Kwa miaka mingi, hasa tangu miaka ya 1970, vikongwe wa Shinyanga na Mwanza waliuawa kwa mapanga usiku kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yalihesabiwa ushahidi. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameyaandika mauaji hayo kwa kina. Macho yale yalitoka kwenye moshi. Na moshi ulitoka kwenye historia: nchi hii ilikuwa pori. Wakati wa Mwingereza pori lilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kufukuza mbung'o (kituo cha utafiti wa mbung'o cha Swynnerton kilikuwa hapo hapo Shinyanga ya zamani), likafyekwa tena kwa ajili ya pamba, na ng'ombe wakala kilichobaki. Kuni zikaisha. Wanawake wakapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe, jikoni kusiko na dirisha, miaka arobaini, hamsini. Mradi wa HASHI wa kurudisha miti na ngitili ulianza mwaka 1986. Miti ilirudi kwa kiasi chake. Macho hayarudi.

Bibi alihamia mjini mwaka mmoja baadaye, 1987. Nyumbani tulikuwa tunaambiwa alifuata biashara ya vitumbua. Usiku ule, kandili ikiwa katikati yetu, aliniambia kwamba jirani yake aliuawa, mwanamke wa rika lake, waliyekuwa wakipokezana moto wa kuwashia jiko. Na kwamba asubuhi ya matanga, mtu mmoja alimtazama yeye usoni muda mrefu kuliko adabu. Alifunga mizigo siku hiyo hiyo. Hakulia wakati anasimulia. Aliniuliza tu kama mtu wangu wa anga hawezi kupewa uso wa mtu.

Kikundini tuligombana. Mimi nilitaka kubadilisha nusu ya pili yote: mtu wa anga aangukie shambani, watu wayaone macho yake, wamhukumu, na kikongwe mmoja amfiche. Mwenzetu mmoja, mwandishi mzuri kuliko mimi, alisema mkoa wetu umesemwa vya kutosha magazetini, kila mtu akisikia Shinyanga anauliza habari za wachawi, na sasa sisi wenyewe tupande jukwaani kuthibitisha? Sikuwa na jibu zuri na sina hata leo. Nilimwambia magazeti hayajawahi kumpa bibi yangu mstari wa kusema. Akasema basi andika mstari wenyewe, tuusikie. Tulipiga kura, nne kwa nne. Fundi redio, ambaye hakuwa mwanachama, alivunja kwa kusema kwamba kama tukibaki na mchezo wa zamani anataka rezista zake.

Nilitupa kinyago. Mtu wa anga akabaki na uso wangu, mtupu, na kichwani taa ya mjomba, aliyoniachia kwa sharti niirudishe akipita tena. Mirija nikaipunguza kutoka ishirini na nne kuwa kumi na miwili, nikaongeza mawe yakawa manane, safu mbili za manne manne, mzigo ukagawanyika. Kwa hesabu ya fundi ingewaka nusu saa na zaidi. Mistari ya kuakisi iliyokuwa kwenye ovaroli tangu ilipokuwa ya mgodini niliiacha. Sikuishona mimi, lakini ilikuwa bora kuliko kazi yangu yote: ukiimulika inakurudishia mwanga wako, na haili jiwe hata moja.

Tulicheza Jumamosi moja jioni, uani kwa mtu, watu kama themanini wamekaa kwenye mabenchi na mikeka. Umeme ulikatika dakika ya tano, kama tulivyotegemea. Niliingia. Nasema kwa unyenyekevu kwamba walishangilia. Mistari iliwaka. Nilipofika mahali pa kuhukumiwa, yule mwandishi mzuri, aliyekubali kuigiza mwenye kuhukumu, alinimulika machoni kwa tochi yake, karibu sana, akanitazama muda mrefu kuliko adabu. Hatukuwa tumelifanyia mazoezi hilo. Alilisikia kwangu. Uwanja ukanyamaza, na kutoka mkeka wa mbele nikasikia mtu anakohoa, nikajua ni bibi.

Mstari wa kikongwe aliutoa dada mmoja wa kikundi aliyejifunga kanga. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi, niliupata kwa bibi kwa kumwomba: "Macho yangu yamepika chakula chenu." Watu wengine walicheka, kicheko cha kukosa pa kutazama. Wazee wawili waliondoka. Kwa sheria ya Bagika na Bagalu tulipoteza watu wawili.

Bibi hakusema chochote juu ya mchezo. Njiani alisema ile nguo ni nzito, na kwamba mkanda wa betri umenichubua, nipake mafuta.

Mjomba alipita wiki iliyofuata. Alichukua taa yake, akaiangalia kama nimeiharibu, kisha akaiomba na ovaroli, kwa kuwa yake ilikuwa imechanika. Tulikaa uani tunafumua mirija. Taa zote alizitoa moja moja na kunirudishia kwenye kikombe, isipokuwa mbili za mgongoni, katikati ya mabega. Hizo alisema nimwachie na mawe mawili. Za mgongoni zinamfaa anayemfuata.